Mbacha Umetoboka Wapi?

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, naishi Langoni hapa Lamu na mke wangu na watoto watatu. Niko kwenye hoteli moja ya Shela, huu ni mwaka wa 11. Niliingia kama kijana wa jikoni, wa kukuna nazi na kupaa samaki, nikapanda mdogo mdogo hadi nikawa mpishi mkuu. Miaka miwili iliyopita mwenye hoteli alinifanya msimamizi wa hoteli nzima. Mshahara ukaongezeka, jamaa wakanipa mkono, mke wangu akafurahi.

Tangu hapo, Shangazi, kazi imenitoka moyoni. Asubuhi naenda Shela kwa miguu kufuata ufuo, na kadiri ninavyokaribia ndivyo hatua zinavyokuwa nzito. Siku za bamvua, maji yakifunika njia, nakaa ukutani kungoja yapwe, na moyoni naomba yachelewe.

Kazi yangu sasa ni simu. Mgeni anataka ndege ibadilishwe, tangi la maji limekauka, punda wa mchanga wamekwama mlangoni, mfuaji hakuja. Nalala na simu kifuani. Siku yangu ya kupumzika ni Jumatatu, lakini sikumbuki Jumatatu niliyokaa nyumbani bila kupigiwa.

Kisha kuna bakshishi. Wageni huweka kwenye sanduku moja, na zamani tulikuwa tukigawana mwisho wa mwezi mbele ya macho ya wote. Siku hizi sanduku linafunguliwa ofisini na mtu mmoja, anagawa anavyoona mwenyewe, na mimi ndiye natumwa kuwaambia wenzangu kiasi ambacho sijui kimefikiwaje. Wanaamini nakula naye. Mmoja wao tumekua mtaa mmoja, tukasoma chuo kimoja. Siku hizi tukikutana msikitini haniamkii.

Mjomba wangu ana rafiki anayeuza boti ya faiba pamoja na injini yake. Nina akiba ya shilingi 280,000 kwenye SACCO na naweza kukopa juu yake. Nitavusha abiria wa Mokowe na wa uwanja wa ndege wa Manda, na wageni wa Shela. Sitakuwa na bosi. Mwenye boti anataka jibu kabla Machi haijaisha. Mke wangu hataki kusikia. Ananiambia nisiache mbachao kwa msala upitao.

Mwaka huu nimejisikia mtu mara moja tu. Januari mpishi alishikwa na homa na hoteli imejaa, nikaingia jikoni siku mbili. Nikapika kamba wa nazi, tui zito nikalitia mwisho lisikatike, nikapaka tewa, nikachoma mkate wa mofa. Sijui siku zile zilikwendaje. Lakini hilo si muhimu, nakueleza tu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa nahodha. Alifariki mwaka jana. Tulipofungua stoo yake tulikuta nanga yake imefungwa kwenye gunia, kamba imekunjwa vizuri juu yake. Tangu siku ile boti haijanitoka kichwani.

Nifanyeje?

Aliyefika ukingoni, Langoni, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Pole kwa kufiwa na baba. Nimeanza na yeye kwa sababu wewe umemweka chini kabisa ya barua, ukampitia haraka kama mtu apitaye nyumba ya matanga bila kupiga hodi. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuajiri watu wa hoteli za Pwani na kuwaaga wanapoondoka, na ni wengi walioniletea barua ya kuacha kazi ndani ya mwaka waliofiwa na mzazi au kuachana na mwenza. Ukiwauliza sababu wanakutajia bosi, mshahara, mwendo mrefu. Yote kweli. Lakini mengi ya hayo yalikuwepo mwaka uliotangulia nao wakayabeba. Kilichopungua ni nguvu za kubeba.

Kwa hiyo nakuuliza: hamu ya boti ulikuwa nayo mzee alipokuwa hai? Ulikuwa ukitoka naye baharini, ukipenda kushika usukani, au ulikwenda jikoni kwa sababu bahari hukuitaka? Huenda hamu hiyo ni ya bahari kweli. Huenda unamtamani mzee. Zote mbili ni halali, lakini moja inanunuliwa injini na nyingine haiponi kwa injini. Jibu unalo wewe, na halitatoka kwa haraka ya mtu anayetaka pesa zake kabla Machi haijaisha.

Mke wako kakupa methali nzuri, ila naona mmeiacha njiani. Mbacha ni mkeka uliochakaa, na msala ni mkeka wa kuswalia. Hakuna aliyesema ulalie mbacha uliotoboka mpaka ubavu ugeuke mweusi. Kabla ya kuutupa unautandaza juani ukautazama: umeliwa na panya pembeni, umeoza kwa maji, au umekatika ukili mmoja tu katikati? Kila tundu lina dawa yake, na kuna tundu ambalo utalikuta hata kwenye msala mpya, kwa kuwa linatokana na sakafu unayotandika. Hilo ndilo ninalotaka tufanye na barua yako.

Mwaka 1959 mtafiti wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake wawili walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Waliwauliza jambo jepesi: nieleze wakati ulipojisikia vizuri kupita kawaida kazini, kisha nieleze wakati ulipojisikia vibaya mno. Walipopanga majibu waliona kwamba yanayomfurahisha mtu na yanayomuudhi hayakai kwenye kapu moja. Watu walifurahishwa na kukamilisha jambo, kutambuliwa, kukabidhiwa jukumu, na kazi yenyewe. Waliudhiwa na taratibu za ofisi, msimamizi mbaya, malipo, mazingira, na kutoelewana na wenzao. Kumwondolea mtu maudhi, akasema Herzberg, kunamtoa kwenye kero tu. Furaha ya kazi ni lazima itafutwe kwingine. Wapo wataalamu waliompinga, kwamba mtu akieleza mazuri hujisifu mwenyewe na akieleza mabaya huwalaumu wengine, na hoja yao ina uzito. Lakini lile swali lake nimelitumia kwa watu wengi sana, na wewe umelijibu bila kuulizwa.

Soma tena barua yako. Ukiwa msimamizi unataja simu, tangi, punda, mfuaji. Ukifika Januari unataja kamba, tewa, mofa, na katikati ya kunililia unakumbuka kuniambia kwamba tui zito ulilitia mwisho lisikatike. Mtu aliyeichoka hoteli haandiki sentensi hiyo. Halafu unasema si muhimu! Mwanangu, katika barua nzima hapo ndipo ulipo wewe mwenyewe, na ninakuomba usipatupe.

Ulipandishwa cheo ukatolewa kwenye kazi yako. Ndivyo tunavyotuza watu wetu: mwalimu hodari tunamwondoa darasani tumfanye mkuu wa shule, muuguzi hodari tunamtoa kwa wagonjwa tumkalishe na madaftari ya zamu. Wengine hunawiri huko. Wengine hunyauka, na kwa kuwa mshahara umeongezeka na jamaa wamewapa mkono, wanaona aibu kusema kilichowapata. Wanasema "nimechoka na kazi hii," wakati kazi waliyoipenda hawajaishika miaka miwili.

Hilo ni tundu la kwanza. La pili ni la namna nyingine kabisa, nalo ni lile sanduku. Hapa hukuchoka, hapa umedhulumiwa, na kibaya zaidi umefanywa mjumbe wa dhuluma. Nataka ujue kwamba boti haigusi jambo hili. Utakuwa na boti kumi na bado utasimama safu moja na yule mwenzako msikitini naye asikuamkie. Wala kurudi jikoni peke yake hakutalimaliza. Linataka maneno, nayo ni haya: mwambie mwenye hoteli kwamba kuanzia mwezi huu sanduku lifunguliwe mbele ya wafanyakazi wawili waliochaguliwa na wenzao, hesabu iandikwe kwenye daftari, na kila mtu aweze kulisoma. Akikataa, mwambie kwa adabu kwamba wewe hutapeleka tena ujumbe wa kiasi usichokijua, aupeleke mwenye ufunguo. Kisha nenda kwa yule mwenzako nyumbani kwao, siyo barazani mbele za watu, ukamweleze ulivyonieleza mimi. Nadhani hilo tu litakupa usingizi wa usiku mmoja.

Usingizi ndio unaonitia hofu. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019, lilipoueleza uchovu wa kazini katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, lilisema si ugonjwa, ni hali inayoletwa na msongo wa kazi uliodumu bila kushughulikiwa, na likataja alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona hufanyi tena kitu kikafaa. Mtu anayekaa ukutani akiomba maji yachelewe kupwa, moyo wake umeshajitenga. Mtu anayesema amejisikia mtu mara moja tu mwaka huu, ameshaanza kujiona hafai. Simu kifuani usiku ndiyo inayomaliza nguvu. Mwili ulio hivyo unataka kukimbia, mahali popote, na kila boti unayoiona itaonekana nzuri.

Na hapa una haki ambazo sioni kama umezidai. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa kila miezi 12. Jumatatu ni yako. Sheria hiyo hiyo inataka masharti ya kazi yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi na mabadiliko yawekwe kwa maandishi. Ulipofanywa msimamizi ulipewa barua? Imeandikwa saa zako zinaishia wapi? Kama ulipewa mkono na tabasamu tu, basi hakuna anayejua kazi yako inaanzia wapi na inakoma wapi, na wewe ndiye unayelipa kutojua huko.

Nikwambie langu. Nikiwa na miaka 29 niliacha kazi katika ofisi moja ya Mombasa kwa sababu, nilivyojiambia, saa zilikuwa nyingi. Nikapata nyingine, saa chache, mshahara uleule. Mwezi wa nne nikaanza kulia tena bafuni. Ilinichukua muda kukubali kwamba saa hazikuwa kitu. Kote kuwili nilikuwa napewa maamuzi yaliyokwisha kukatwa, niyapige chapa. Nilichokuwa nakikosa ni kusikilizwa, na katika usaili wa ile kazi ya pili sikuwahi hata kuulizia. Nilipoteza miaka miwili na nusu. Ndiyo maana nakukazania.

Sasa boti.

Sikupingi kwa sababu ni boti. Lamu bila manahodha ingekuwa nini? Napinga tarehe, na napinga mambo mawili unayotarajia boti ikuondolee.

Tarehe kwanza. Ukinunua mwisho wa Machi, marejesho ya SACCO yanaanza Aprili. Kaskazi imekwisha, masika yanaingia, kusi inaanza kuvuma na bahari kuchafuka. Mei na Juni hoteli nyingi za Shela hufunga milango, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Utakuwa umekopa mwezi ambao wageni wameondoka. Wageni wanaokosekana hotelini ndio haohao wanaokosekana gatini. Boti yako itakula kwenye sahani ileile. Abiria wa Mokowe wapo mwaka mzima, kweli, lakini hao ni wenyeji wanaohesabu nauli, na manahodha wanaowangoja pale gatini hawatakupisha kwa sababu umefiwa.

Unasema hutakuwa na bosi. Utakuwa na injini, bei ya petroli, na karani wa SACCO.

Na simu! Unaikimbia simu, mwanangu, halafu unakwenda kwenye kazi ambayo chakula chake kinaletwa na simu. Ndege imechelewa Manda, nahodha uko wapi. Mgonjwa usiku anapelekwa bara, nahodha amka. Kama kinachokuumiza ni kuamshwa, utaamshwa. Kama kinachokuumiza ni kuamshwa kwa mambo yasiyo yako na usiyo na amri nayo, hapo boti inaweza kuwa nafuu, na hilo ni jambo la kulipima kabla ya kulilipia.

Linapimika kwa urahisi. Hoteli ikifungwa Mei, mwambie mjomba akutafutie nahodha wa kukuchukua kama baharia, hata kwa ujira mdogo. Fanya wiki sita. Miezi hiyo bahari haikuonyeshi uso wake mzuri, nayo ndiyo faida ya kuichagua. Kila jioni andika: abiria wangapi, petroli kiasi gani, kimebaki nini, na neno moja juu ya moyo wako siku hiyo. Ukifika mwisho wa Juni na bado unaamka kabla ya adhana kwa hamu ya kwenda gatini, niandikie, na nitakuwa wa kwanza kumwambia mke wako akusikilize. Boti hii ikishauzwa, itapatikana nyingine. Lamu haijaishiwa na boti za kuuza.

Kabla ya hapo, kaa na mwenye hoteli. Usiende na malalamiko kumi, nenda na ombi moja: urudi jikoni kama mpishi mkuu, ukiwa na amri juu ya vyakula, manunuzi na vijana wa kufunza, na usimamizi apewe anayeupenda. Atakuuliza habari ya mshahara. Kwa hiyo zungumza na mke wako kwanza, usiku watoto wakilala, mkiwa na karatasi: karo, kodi, chakula, mama yako kama anakutegemea. Jueni ni shilingi ngapi mnaweza kuzipoteza na bado mkaishi. Yeye si adui wa boti yako. Anaogopa, na hujampa hesabu hata moja ya kumtuliza.

Mwenye hoteli akikataa, bado una njia, na ni njia ya jiko. Shela kuna nyumba nyingi zinazokodishwa nzima nzima, kila moja na mpishi wake, na mpishi wa miaka tisa anayejua kupaka tewa hahitaji kubembeleza. Ukiondoka, ondoka vizuri. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria inataka notisi ya maandishi ya siku 28. Dai malipo ya likizo ulizofanya kazi, na dai cheti cha utumishi, ni haki yako hata mkiachana kwa ugomvi. Usiondoke kwa kuacha kwenda tu. Nimewaona waliofanya hivyo, wakapoteza hata kilichokuwa chao.

Na leo jioni, kabla ya yote hayo, nenda kwenye stoo ya mzee. Kaa humo peke yako, simu uiache kwa mke wako. Ukitaka kulia, lia. Ile nanga usiiuze, wala usiifunge kwenye boti yoyote bado. Itoe kwenye gunia, ipake mafuta isishike kutu, uirudishe na kamba yake juu, kama alivyoiacha.

Wako, Shangazi